Laptopu Ikifutwa, Mwenyewe Naye Anafutika?

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:1–3

Juma hili sitaandika juu ya maombi wala juu ya kufunga. Nimeulizwa swali na vijana wetu wawili. Mmoja ana kibanda upande wa Olympic kule Kibera, mwingine yuko Kawangware karibu na steji ya 46. Kila mmoja aliuliza kivyake, na sidhani wanajua kwamba waliuliza kitu kimoja. Wote ni mafundi wa simu na kompyuta. "Pasta, mtu akiniletea laptopu nifute kila kitu niweke Windows upya, ni lazima nimuulize ni ya nani?"

Nimeamua kujibu hapa kwa sababu swali hili si la mafundi peke yao. Kanisa letu lina watu walionunua laptopu bila risiti. Lina watu walionyakuliwa laptopu kwenye matatu. Na, tusidanganyane, huenda lina mtu anayejua hizo zilizonyakuliwa zilienda wapi. Wote Jumapili wanakalia viti vilevile vya plastiki.

Kwa mama zetu ambao hawajaona kazi hii ikifanywa, wacha nieleze kidogo. Fundi ana flashi yenye Windows ndani. Anaichomeka kwenye laptopu, anaiwasha huku akibonyeza kitufe fulani kwa haraka, na kuiambia ianzie kwenye flashi badala ya diski yake. Inafika mahali inaonyesha diski imegawanywa vipande vipande. Anafuta kipande cha kwanza, cha pili, mpaka vyote viishe, halafu anabonyeza kuendelea. Baada ya nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, mashine inaamka kama imetoka dukani jana. Inauliza uko nchi gani na unataka lugha gani. Kisha inauliza jina la mwenyewe, na hapo ndipo nataka tusimame, kwa sababu itakubali jina lolote utakaloliandika.

Kazi yenyewe ni halali, na nataka hilo lisikike kabla sijaenda mbali. Virusi vikiingia kwenye mashine, mara nyingi dawa ni hiyo. Laptopu za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya na Marekani zinafaa kufutwa kabla mtoto wa shule hajazishika. Tangu Microsoft ikomeshe msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wenye mashine za zamani wanatafuta la kufanya, na wengine wanawekewa Ubuntu, ambayo ni ya bure. (Jina hilo ni neno la ndugu zetu wa kusini mwa Afrika, maana yake ni utu. Sijui ni mafundi wangapi wanaoiweka huwa wanalifikiria.) Tena mtu aliyesahau paswadi yake si mwizi. Mjane aliyeachiwa laptopu na marehemu mumewe si mwizi, hata kama hawezi kuifungua na hata kama jina lililo kwenye skrini si lake. Kwa hivyo asije mtu akamwangalia kila fundi kama mshirika wa wezi.

Sasa chukua ile nyingine. Ni saa mbili usiku. Kijana anaingia na laptopu ndani ya jaketi. Haina chaja, haina mfuko. Ukiiwasha, skrini inaonyesha picha ya msichana amevaa joho la kuhitimu, na chini yake jina la kike. Kijana anasema ni ya dada yake. Ukimuuliza dada anaitwa nani, anataja jina lingine. Anataka ifutwe sasa hivi akingoja, na badala ya mia tano atakupa elfu moja.

Hapo vidole vya fundi vitafanya kazi ileile vilivyomfanyia mjane mchana. Flashi ni ileile na vitufe ni vilevile. Hakuna kitufe cha kufuta kwa haki na kingine cha kufuta kwa dhuluma. Ndiyo maana huwezi kupata jibu kwa kuangalia kazi peke yake, na ndiyo maana fundi anayesema "mimi nafanya kazi yangu tu" bado hajajibu kitu. Tofauti yote iko kwa mtu ambaye hayuko hapo kibandani, yaani mwenye laptopu, na kama amekubali ifutwe au hajakubali.

Mafundi niliozungumza nao wana majibu matatu, na nitayachukua moja moja.

La kwanza: "Mimi sikuiba." Ni kweli. Lakini sheria ya Kenya haikuishia kwa aliyeiba. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika pia anayepokea mali ya wizi, au anayesaidia kuibakisha, kuiondoa au kuiuza, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Angalia hayo maneno ya sababu ya kuamini. Kufumba macho hakukutoi hapo. Picha ya msichana na jina asilolijua "ndugu" yake ni sababu ya kutosha kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Zaidi ya hiyo kuna sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta, ambayo inaharamisha kuingilia data ya mtu bila idhini yake.

La pili: "Nisipofanya mimi, ataenda kibanda cha pili." Ataenda, sibishi. Lakini kwa hoja hiyo hakuna mtu angewahi kukataa jambo lolote duniani, na siwezi kuipa nafasi zaidi ya hapa.

La tatu ndilo lililonikalisha chini. "Pasta, hiyo laptopu imeshapotea. Mwenyewe ameshalia na amenyamaza. Nifute nisifute, hairudi kwake."

Ukilisikia haraka lina maana. Lakini hebu fikiria. Saa ile iko mezani kwako na haijafutwa, imepotea kweli? Mwenyewe haioni, sawa. Lakini yenyewe bado inamjua. Jina lake liko kwenye skrini, wakati mwingine na barua pepe. Pengine chini kuna stika ya chuo au ya ofisi. Ni kama mtoto aliyepotea Toi Market ambaye bado anajua kusema jina la mama yake. Kitu cha aina hiyo kiko mahali pabaya, lakini njia ya kurudi nyumbani ipo. Ukishafuta vile vipande vya diski na kuandika jina jipya, hapo ndipo njia inakatika. Mwizi aliitoa laptopu mikononi mwa mwenyewe. Fundi ndiye anayeondoa jina la mwenyewe ndani ya laptopu. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba alikuta imeshapotea. Sehemu kubwa ya huko kupotea inafanyika mezani kwake, chini ya taa yake, na yeye analipwa kwa hiyo.

Torati inalizungumza jambo hili kwa mifano ya mifugo na nguo. Ukimkuta ng'ombe au kondoo wa ndugu yako amepotea huruhusiwi kujificha ujifanye hujaona. Vivyo hivyo punda wake, vazi lake, na kitu chochote alichopoteza. Mwenyewe akiwa mbali, au kama humjui, unakichukua kikae kwako mpaka atakapokuja kukitafuta. Wengi wetu tunaisoma sura hiyo mbio tukielekea kwingine. Lakini ona inavyomshughulikia mtu usiyemjua. Sisi tukisema "simjui mwenyewe" tunamaanisha mzigo umetutoka. Torati inasema kama humjui, sasa umekuwa mtunzaji. Na yule ng'ombe hakuwa ameandikwa jina kwenye paji la uso. Laptopu imeandikwa.

Wacha nitumie kidogo nilichosomea, maana nilifanya digrii ya biashara kabla ya kuingia huduma. Kwenye hesabu, kitu kikitoka upande mmoja lazima kionekane upande mwingine. Laptopu ya mtumba ya shilingi 18,000 ikiibwa, mwenyewe amepoteza 18,000, na mwizi, mnunuzi na fundi wamegawana kitu fulani. Hesabu ni chafu, lakini inaonekana. Sasa angalia vilivyokuwa ndani. Mradi wa mwaka wa mwisho wa chuo. Kazi za mtandaoni ambazo kijana wetu alikuwa azikabidhi Ijumaa ndiyo alipwe. Tunajua ni wangapi hapa wanaishi kwa kazi hizo, na mpango wa serikali wa Ajira Digital ulioanza 2016 ulikuja hasa kuwafundisha vijana njia hiyo. Madaftari ya chama cha akina mama. Picha za baba aliyezikwa Vihiga au Siaya, ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Vikifutwa, ni nani amepata? Mwizi hakuvitaka, mnunuzi hatajua kama viliwahi kuwako, na fundi hakuviona. Thamani imetoka upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Hiyo ni hasara isiyomfaidi mtu hata mmoja, na mara nyingi ndiyo anayoililia mwenyewe kuliko mashine. Nimewasikia watu wakisema wangemwachia mwizi laptopu, ili mradi awarudishie faili.

Kwa hiyo mia tano ya fundi si malipo madogo ya kazi ndogo. Pale mwenyewe hajakubali, ndiye anayefanya ile nusu nzito ya dhara, na analifanyia mtu ambaye hajawahi hata kumwona.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui: huko kufuta kwenyewe mara nyingi si kufuta. Kwenye diski za zamani, zile zinazozunguka, fundi anapofuta kwa njia ya haraka anachoondoa ni kama orodha iliyo mwanzo wa kitabu. Kurasa bado ziko, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya diski 158 za mitumba walizonunua. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Kwenye nyingine walipata maelfu ya namba za kadi za benki. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski kuukuu huko Ghana, na moja ilikuwa na nyaraka za Northrop Grumman, kampuni inayouzia serikali ya Marekani vifaa vya kijeshi. Kama kampuni kubwa namna hiyo data yake ilifika sokoni Ghana, yako wewe ya Gatina itashindwaje kufika Luthuli Avenue?

Hapa nawageukia wale mnaouza laptopu zenu wenyewe kihalali. Kwenu ninyi nasema kinyume cha nilichomwambia fundi: futeni, na mfute kabisa. Windows yenyewe, ukiiambia iondoe kila kitu, ina mahali pa kuchagua isafishe diski pia, si kuondoa orodha tu. Inachukua saa nyingi. Iache usiku kucha kama stima zipo. Ndani ya hiyo laptopu kuna nakala ya kitambulisho chako, labda na ya mkeo, na barua ya daktari. Siri za mkeo si zako kuziuza pamoja na mashine. Katiba yetu, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaja kuipa meno. Lakini hata bila sheria, mtu aliyekuamini na mambo yake anastahili usiku mmoja wa stima.

Na mashine nazo zina kumbukumbu zake. Namba yake iko kwenye bodi na kwenye boksi, na haiondoki kwa Windows mpya. Laptopu nyingi za ofisi, za Dell, HP na Lenovo, zinatoka kiwandani na kiprogramu cha kampuni ya Absolute, iliyoanzishwa Kanada, ndani ya chipu ya bodi. Ofisi ikishakiwasha, hata ufute diski yote, kinajirudisha chenyewe na kuwaambia wenyewe iko wapi mara itakapoingia mtandaoni. Fundi amesema imekuwa mpya, na mashine inampigia simu mwenyewe kutoka Kabiria.

Hiyo inanifanya niseme neno kuhusu mahubiri yetu. Siku hizi tunapenda kusema Mungu "anafomati" maisha ya mtu, na kanisa linapiga makofi. Mfano ni mtamu lakini unachechemea. Zakayo alipookoka hakuamka na diski tupu asimkumbuke mtu yeyote. Alikumbuka vizuri sana ni nani aliwatoza zaidi, na akasema atawarudishia mara nne. Wokovu wake ulimrudishia majina ya watu. Hata Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu haijaacha kukutumia ujumbe eti kwa sababu ulipokea Yesu mwezi wa nane. Nikisikia kijana akisema "Mungu alishafomati, yaliyopita yamepita", na huku bado anaivaa saa ya mtu, huwa natamani fundi mmoja mwaminifu amweleze maana ya hilo neno.

Lakini kuna ugumu ambao sitaki kuupita haraka, kwa sababu ni wa kweli hapa kwetu kuliko mahali pengine. Fundi wa Olympic aliniambia hivi: "Nikikataa kuifuta nikaipeleka stesheni, mimi ndiye nitalala ndani. Nitasema niliipata wapi?" Kijana wa Kibera akiingia kituoni na laptopu isiyo yake, ile hofu yake haina mzaha. Kumwambia tu "kuwa mwaminifu" halafu nikarudi nyumbani kulala ni kumtwika mzigo ambao mimi siubebi. Kwa hivyo nasema wazi: mambo haya mawili si sawa. Kukataa kuifuta ni wajibu wako leo, na hakukugharimu zaidi ya hiyo pesa. Mrudishie aliyeileta. Kuipokea ukaitafutia mwenyewe ni hatua kubwa zaidi, na usiichukue peke yako. Nenda na mzee wa nyumba kumi au mtu wa kanisa, iandikwe kwenye kitabu cha matukio, upewe namba ya OB, uibaki nayo. Mimi niko tayari kutembea nawe, na nimewaomba wazee wawili wakubali vivyo hivyo. Namba zetu ziko ofisini kwa katibu.

Na usifungue faili zake eti unamtafuta mwenyewe. Jina lililo kwenye skrini na stika ya chini vinatosha. Ukishaanza kufungua folda za picha, hutafuti mwenyewe tena.

Kwa kazi za kila siku, maswali mawili yanatosha: unaitwa nani, na kuna nini humu ambacho ungetaka nikuhifadhie kabla sijafuta? La pili linafanya kazi mbili. Mwenyewe ataanza kutaja: picha za harusi, kazi ya chuo, ngoja nimuulize mke wangu. Asiye mwenyewe atasema hakuna kitu, futa tu. Si ushahidi wa mahakamani, lakini fundi mzoefu atasikia tofauti. Andika jina, namba ya simu na namba ya mashine kwenye daftari. Nanyi wateja, mkiulizwa msinune kana kwamba mmetukanwa. Mkinunua mtumba kwa mtu, andikianeni karatasi yenye namba ya kitambulisho, hata kama ni rafiki.

Fundi wa Kawangware alikuwa na swali moja la ziada. Ana laptopu ya mama mmoja aliyeileta kutengenezwa skrini, hajarudi kwa miezi saba, simu haipatikani. Anaweza kuifuta na kuiuza afidie vipuri? Kuna sheria ya jambo hilo, Sura ya 38, ya mali isiyochukuliwa. Ndiyo zile notisi mnazoziona gazetini za magari yaliyoachwa gereji, zikiwapa wenyewe siku 30 kabla ya mnada. Kwa hivyo njia ya kudai pesa yake ipo, ila haianzi kwa flashi ya Windows. Aulize kwanza kwa watu wa msaada wa kisheria hapa mtaani wamwonyeshe utaratibu. Lakini deni la mama huyo ni la skrini. Faili zake hazidaiwi na mtu. Ikifika siku ya kuuza, nilimwambia anunue flashi, akopi kila kitu bila kufungua, aandike jina la mama kwenye stika na tarehe, aiweke kwenye droo anayowekea risiti. Aliniuliza aitunze mpaka lini. Nilimwambia aangalie tena mstari wa pili wa lile somo. Flashi ya GB 64 haili nafasi kwenye droo.